Je, mpira wa maji ulioviringwa hula presha? Ufafanuzi wa safari ya maji ndani ya koili

Kila kiangazi, ardhi ya uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, inapoanza kupasuka na pampu ndogo za petroli zinapoanza kunguruma kando ya Mto Nyando tangu alfajiri, ubishi mmoja hufufuka. Shangazi yangu hulima nyanya na sukuma wiki si mbali na Ahero. Pampu humjazia tangi lililowekwa juu ya jukwaa, kimo cha mita 5 na ushei juu ya vitalu, na kutoka kwenye tangi hilo maji hushuka yenyewe kupitia mpira wa inchi moja wenye urefu wa mita 100. Aliununua mrefu hivyo kwa sababu vitalu vya mwisho viko mbali, lakini siku za kumwagilia vitalu vya karibu sehemu kubwa ya mpira hubaki imeviringwa, naye huitundika kwenye tawi lililokatwa la mwembe ili mbuzi wasiikanyage. Siku nyingine maji hutoka vizuri. Siku nyingine hayatoki hata tone, ingawa tangi limejaa.

Jirani yake hushikilia kwamba mizunguko ile inakula presha, na kwamba maji hufika mwisho yakiwa yamechoka. Fundi aliyemfungia pampu anasema kinyume kabisa: "Mama, acha ikae hivyo hivyo. Maji yakizungushwa hushika nguvu, kama jiwe la kombeo." Nilipomtembelea mwezi wa Februari, shangazi aliniuliza mbele ya wote wawili, "Sasa mwanangu, nimwamini nani?"

Swali hilo linastahili jibu la makini, kwa sababu mita 100 za mpira ni fedha nyingi kwa mkulima mdogo, na mtu akiukata vipande kwa kufuata uvumi, msimu ujao atanunua viungio au mpira mwingine. Kwa kifupi, jirani amesema kweli kwamba mizunguko hupunguza presha, lakini amekosea sababu na amekosea kiasi. Fundi amekosea, ingawa ndani ya kosa lake mna chembe ya ukweli ambayo nitaifikia baadaye. Na wote wawili hawakuona kilichokuwa kikimsumbua shangazi.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi huu hutokana na neno moja kubeba maana mbili. Tunaposema "maji hayana presha", mara nyingi tunamaanisha kwamba maji yanatoka kidogo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Shinikizo, ambalo madukani tunaliita presha, ni jinsi maji yanavyosukuma kila kilicho karibu nayo. Mtiririko ni kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani, tuseme lita ngapi kwa sekunde. Mafundi wengi hupima shinikizo kwa mita za maji, nacho ni kipimo kizuri kwa sababu unaweza kukiona kwa macho: tangi ambalo maji yake yako mita 10 juu ya mfereji hutoa pale mferejini shinikizo la mita 10, ambalo ni takriban bar 1.

Upotevu wa shinikizo, basi, ni tofauti kati ya shinikizo mwanzoni mwa paipu na shinikizo mwishoni mwake wakati maji yanatembea. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu sana. Ukifunga mfereji ili maji yasimame, kisha ukafunga kipimo cha presha mwishoni mwa mpira, na mpira wote umejaa maji, utasoma shinikizo lile lile iwe umenyooshwa au umeviringwa mara hamsini. Nimewahi kuona muuzaji wa vifaa akimthibitishia mteja kwa njia hiyo kwamba koili "haina madhara". Kipimo chake hakikudanganya, ila kilikuwa kinapima maji yaliyosimama, na msuguano huanza pale tu maji yanapoanza kwenda.

Msuguano huo huzaliwa hivi. Ndani ya paipu iliyonyooka maji hayaendi yote kwa kasi moja. Maji yanayogusa ukuta hunata pale na hayasogei kabisa; tabaka linalofuata husogea kidogo, la baada yake zaidi, hadi katikati ambako maji hukimbia kuliko kwingine kote. Matabaka haya hukwaruzana, lile lenye kasi likivutwa nyuma na lile la polepole, na mkwaruzo huo ndio unaokula shinikizo. Kadiri kasi inavyobadilika kwa ghafla zaidi karibu na ukuta, ndivyo mkwaruzo unavyokuwa mkali. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana ndilo litakalotufungulia siri ya koili.

Tukipiga hesabu ya mpira wa shangazi kwa kanuni za kawaida za msuguano, tukichukua kipenyo cha ndani cha milimita 25, urefu wa mita 100 na mtiririko wa nusu lita kwa sekunde, yaani mtungi wa lita 20 kujaa kwa sekunde 40, tunapata kwamba mpira ukiwa umenyooka wote hula takriban mita 5.3 za shinikizo. Hizo ni karibu zote anazopewa na jukwaa lake. Kwa hiyo hata kabla ya kuviringa chochote, urefu peke yake umekwisha kumaliza kile alichonacho.

Sasa tuupinde mpira. Kila aliyepanda matatu inayokata kona kwa kasi anajua kwamba mwili hutaka kuendelea mbele pale gari linapogeuka, na abiria hujikuta amemlalia jirani yake upande wa nje wa kona. Maji nayo hufanya vivyo hivyo, lakini si yote kwa kiasi kimoja, kwa kuwa maji ya katikati yana kasi kubwa na yale ya ukutani yana kasi ndogo. Yale yenye kasi husukumwa nje kwa nguvu zaidi kuliko yale ya polepole. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa kitu ambacho hakipo kabisa katika paipu iliyonyooka, nacho ni mkondo wa pili unaotembea kukingama na ule wa kwanza.

Mkondo huo wa pili unaweza kuuona mezani. Mimina chai ya rangi ambayo haijachujwa ndani ya glasi, ikoroge kwa kijiko mpaka izunguke vizuri, kisha toa kijiko na uangalie majani. Mtu angetarajia yarushwe nje yajibanze kwenye ukingo wa glasi. Badala yake hukusanyika chini, katikati kabisa, kama kifurushi kidogo. Albert Einstein alilieleza jambo hili mwaka 1926, na maelezo yake hayahitaji hesabu. Chai inayozunguka hujisukuma nje na kufanya shinikizo kwenye ukingo liwe kubwa kuliko katikati. Chai ya juu inakimbia vya kutosha kuhimili shinikizo hilo, lakini ile iliyo sakafuni imepunguzwa kasi na msuguano wa glasi, haiwezi kuhimili, kwa hiyo husukumwa kurudi katikati, nayo huyakokota majani. Juu chai huenda nje, ukingoni hushuka, chini hurudi ndani, katikati hupanda. Majani ni mazito mno kupanda nayo, ndiyo maana hubaki pale chini.

Einstein alitumia mfano wa majani ya chai kueleza vizingo vya mito, na watu wa magharibi mwa Kenya hawana haja ya kwenda mbali kuvitafuta. Mto Nzoia, ukishatoka milimani na kufika kwenye ardhi tambarare ya Budalang'i, huenda kwa kujipinda, na wachimba mchanga wa mto wowote kama huo wanajua mahali pa kupeleka sepetu zao: upande wa ndani wa kizingo, kwa kuwa ndiko mchanga unakojilimbikiza. Upande wa nje ukingo humong'onyoka, na mwenye shamba pale hupoteza ardhi kila mafuriko. Maji ya juu yenye kasi huugonga ukingo wa nje, hushuka na kurudi chini chini kuelekea ndani yakiwa yamebeba mchanga, kama vile chai ilivyobeba majani. Nadhani mtu aliyewahi kuona ukingo wa mto ukidondoka bonge kwa bonge ameuona mkondo wa pili ukifanya kazi, hata kama hakujua jina lake.

Ndani ya paipu iliyopinda mambo ni yale yale, ila paipu ina ukuta juu na chini, hivyo mizunguko huwa miwili. Maji ya katikati huvuka kuelekea upande wa nje wa koili, yakifika ukutani hugawanyika, nusu hurudi ndani kwa kufuata ukuta wa juu na nusu kwa kufuata ukuta wa chini, kisha yote hukutana upande wa ndani na kuanza safari upya. Ungeweza kuikata paipu na kuitazama kwa mbele, ungeona magurudumu mawili ya maji yakizunguka kwa kupishana. Na kwa kuwa wakati huo huo maji yanasonga mbele, kila tone hufuata njia ya msokoto kama uzi wa parafujo.

Hapo ndipo gharama inapoingia. Maji yenye kasi, ambayo katika paipu iliyonyooka yangebaki katikati mbali na ukuta, sasa yamepelekwa mpaka karibu na ukuta wa nje. Kasi hapo hubadilika kwa ghafla ndani ya nafasi ndogo mno, na tulikwisha kusema kwamba ghafla hiyo ndiyo mkwaruzo. Maji hayajachoka wala hayajapata kizunguzungu. Yamekwaruzwa zaidi, basi.

Wataalamu walichukua muda kulifahamu jambo hili. John Eustice wa Southampton, Uingereza, alichapisha mwaka 1910 na 1911 majaribio ambayo alipitisha wino ndani ya maji yanayotiririka kwenye paipu zilizopinda, na nyuzi za rangi zikamwonyesha kwamba maji hayafuati paipu kwa utii bali hukatiza kutoka upande hadi upande. Mwaka 1927 na 1928, Mwingereza mwingine, W. R. Dean, aliandika hesabu za mkondo huo na kupata kipimo ambacho hadi leo kinaitwa nambari ya Dean. Nambari hiyo huunganisha mambo mawili: jinsi kasi ya maji inavyoushinda mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, na jinsi paipu ilivyo nene ikilinganishwa na upana wa mduara ilimoviringwa. Mpira mnene ukiviringwa kwenye mduara mdogo una nambari kubwa, na mkondo wa pili huwa mkali. Mpira mwembamba kwenye mduara mkubwa una nambari ndogo, na mkondo huwa hafifu. Mjapani Ito naye alitoa mwaka 1959 kanuni za msuguano kwa maji yaendayo kwa msukosuko, ambazo wahandisi wanazitumia mpaka sasa.

Tuzitumie basi kwa mpira wa shangazi. Tuseme mita zote 100 zimeviringwa kwenye mduara wenye kipenyo cha sentimita 60, ambayo ni mizunguko 53 hivi. Kwa mtiririko ule ule wa nusu lita kwa sekunde, upotevu unapanda kutoka mita 5.3 hadi takriban mita 6.3, ongezeko la moja kwa tano. Njia rahisi ya kulifikiria ni kwamba mpira wa mita 100 ulioviringwa hivyo unafanya kama mpira wa mita 120 ulionyooka. Lakini jukwaa halina mita 6.3 za kutoa, kwa hiyo maji yenyewe hupunguza mwendo mpaka hesabu ilingane: mtungi uliojaa kwa sekunde 40 sasa hujaa kwa sekunde 44. Sekunde 4 huwezi kuziona kwa kukazia macho mdomo wa mpira. Unahitaji saa ya simu. Na kwa kuwa shangazi huviringa sehemu tu ya mpira, tofauti yake ni ndogo zaidi ya hiyo.

Kuna watu wanaohesabu kila mzunguko wa mpira kana kwamba ni kiwiko cha paipu, wakapata hasara kubwa ya kutisha. Hesabu hiyo haifai. Kiwiko kikali cha nyuzi 90 cha paipu ya ukubwa huu hugharimu sawa na robo tatu ya mita ya paipu iliyonyooka, ilhali mzunguko mzima wa mduara wetu huongeza chini ya sentimita 40. Kwa maneno mengine, kuyazungusha maji duara kamili taratibu kunagharimu takriban nusu ya kuyageuza pembe moja kwa ghafla.

Linganisha pia na kosa lililo la kawaida zaidi, la kununua mpira wa robo tatu inchi badala ya inchi moja kwa sababu ni nafuu. Kwa mtiririko ule ule, mpira huo mwembamba hula shinikizo karibu mara 4. Ukishuka hadi nusu inchi, ni zaidi ya mara 25. Nimekuta wakulima wakilalamikia mizunguko huku wakimwagilia kwa mpira wa nusu inchi. Vivyo hivyo kwa mpira uliokunjika: ukiviringwa kwenye mduara mdogo kupita uwezo wake, ukabonyea na kuwa bapa, hapo si koili tena, ni mfereji uliofungwa nusu. Mara nyingi lawama zinazotupiwa mizunguko ni za mkunjo mmoja uliojificha katikati yake.

Si kila kiowevu kinajali koili. Molasi ya viwanda vya sukari, iliyo nzito na inayokwenda polepole, ina nambari ya Dean ndogo kiasi kwamba mkondo wa pili hauna nguvu ya maana. Paipu ya molasi ikiviringwa au ikinyooshwa, gharama ni ile ile, kwa kuwa mnato wenyewe umekwisha kutawala kila kitu. Na kwa maji kuna jambo la kushangaza zaidi. Tangu majaribio ya Osborne Reynolds ya mwaka 1883 inajulikana kwamba maji yaendayo polepole kwenye paipu hutiririka kwa utulivu, na yakizidi kasi fulani huvurugika. Kwenye mpira ulionyooka wa milimita 25, utulivu huvunjika hata kwa mtiririko mdogo ambao mtungi ungehitaji zaidi ya dakika 7 kujaa. Mtu angedhani kwamba kuupinda mpira kutaleta vurugu mapema zaidi. Kinyume chake, mwaka 1929 G. I. Taylor alionyesha kwa rangi ndani ya paipu ya kioo iliyoviringwa kwamba utulivu hudumu muda mrefu zaidi. Kwa koili yetu, utulivu unaweza kudumu mpaka kasi mara 3 ya hiyo. Mkondo wa pili huyapanga maji na kuyazuia yasivurugike, huku yenyewe yakiwa yanasokotwa.

Kwa nini basi watu hutengeneza koili makusudi, ikiwa zinakula shinikizo? Kwa sababu mkondo ule ule unaokwaruza ndio unaobadilishana joto. Maeneo ya Molo na Njoro, ambako maziwa ni riziki ya nyumba nyingi, maziwa mabichi yanatakiwa yashuke upesi hadi karibu nyuzi 4, na njia mojawapo ni kuyapitisha kwenye koili ya chuma kisichoshika kutu iliyozamishwa kwenye maji baridi. Katika paipu iliyonyooka yenye mtiririko tulivu, maziwa ya katikati hukimbia kwa kasi mara 2 ya wastani na hutoka nje karibu kama yalivyoingia, kwa kuwa hayakupata nafasi ya kugusa ukuta baridi. Ndani ya koili kila tone hupata zamu yake ukutani. Faida hiyo ni kubwa zaidi unapopasha maziwa moto kuua vijidudu. Kanuni ya kawaida ni nyuzi 72 kwa sekunde 15, na tone lililokatiza katikati kwa sekunde 8 ni tone ambalo halijaiva. Koili hupunguza pengo kati ya matone ya haraka na ya polepole, na hapo shinikizo kidogo linalolipwa ni bei ya haki kwa maziwa atakayokunywa mtoto.

Niseme pia kwamba si kila paipu iliyopinda ina lengo hilo. Wasafiri wanaopita Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, huuliza kwa nini mabomba ya mvuke yamepindwa kama milango badala ya kwenda moja kwa moja. Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la mita 100 likipashwa kwa nyuzi 150 hurefuka takriban sentimita 18, na mikunjo ile hulipatia nafasi ya kurefuka bila kung'oa nguzo zake.

Sasa nirudi kwa fundi na kombeo lake. Jiwe la kombeo hushika kasi kwa sababu kuna mkono unaolizungusha. Koili iliyolala chini haina mkono, haina injini, haina kitu chochote cha kuyaongezea maji nguvu. Kazi yote imefanywa na kimo cha tangi, na koili inaweza kupunguza tu. Chembe ya ukweli niliyoitaja ni hii: mwaka 1746, huko Zürich, fundi aitwaye Wirtz alitengeneza pampu ya paipu iliyoviringwa ambayo kwa hakika huongeza shinikizo. Paipu hiyo hufungwa kwenye gurudumu linalozungushwa, mdomo wake ukichota maji kisha hewa, maji kisha hewa, kila duara. Ndani ya paipu hujipanga vipande vya maji vilivyotenganishwa na hewa, kila kipande kikiegemea kingine, na shinikizo la kila mzunguko hujumlishwa na la mwenzake mpaka maji yakaweza kupanda juu ya mlima. Lakini nguvu yake hutoka kwenye kuzungushwa kwa gurudumu. Likisimama, hakuna kitu.

Na hapa ndipo nilipoelewa shida ya shangazi, kwa sababu ngazi ile ile ya maji na hewa inaweza kufanya kazi dhidi yako. Mpira uliotundikwa wima, mizunguko yake ikisimama kama pete zilizoning'inizwa ukutani, hukusanya hewa kwenye kila kilele. Maji yanapoanza kuingia hujaza upande mmoja wa pete, hufurika juu na kuchuruzika upande wa pili, yakiifungia hewa katikati. Kila pete sasa inadai kimo chake chote kabla ya kuruhusu maji kupita. Pete 10 za sentimita 60 zinaweza kudai karibu mita 6, na jukwaa la shangazi halina mita 6. Tofauti na msuguano, deni hili linadaiwa hata maji yakiwa yamesimama, ndiyo maana halikuonekana kama upungufu wa maji bali kama ukavu kabisa. Siku ambazo mpira ulibaki na maji tangu jana, hewa haikuwepo, nayo maji yalitoka. Siku ambazo watoto walikuwa wameumwaga ili wauhamishe, haukutoa kitu.

Kuna mahali pengine ambapo ningemwonya mtu yeyote, napo ni upande wa pampu unaovuta maji kutoka mtoni. Pampu haivuti maji kwa kamba. Huondoa hewa, na ni uzito wa anga unaoyasukuma maji kuja juu. Usawa wa bahari anga inaweza kuyasukuma mita 10 hivi. Kisumu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, zinabaki takriban mita 9, na Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, ni kama mita 8 tu, na pampu halisi haifiki hata huko. Mita moja inayoliwa na mizunguko upande wa kusukuma ni sekunde 4 za mtungi. Mita hiyo hiyo upande wa kuvuta inaweza kuifanya pampu ipoteze maji na kunguruma tupu mpaka iungue. Huko mpira uwe mfupi, mnene na ulionyooka.

Tuliushusha mpira kutoka kwenye mwembe na kuulaza chini, mizunguko ikilala bapa juu ya majani makavu. Fundi mwenyewe ndiye aliyefungua koki ya tangi, na jirani akashika mdomo wa mpira, akiuweka chini kuliko mizunguko yote. Ulikohoa mara mbili, ukatema hewa na matope, ukanyamaza kidogo, kisha maji yakaja yakiwa yamejaa mdomo mzima. Shangazi alisogeza mtungi chini yake na kuniambia nihesabu.